Maswali na Majibu: Kabla ya Kuondoa Rufaa ya VA, Soma Tarehe ya Barua

Barua za safari hii zinatoka Tukuyu, Mafinga, Iringa mjini na Makambako, na zote zimegusa jambo moja: rufaa za fidia ya ulemavu zilizopelekwa Idara ya Maveterani ya Marekani, VA, kwa ajili ya presha na magonjwa ya moyo, ambazo wenyewe wanataka kuziondoa au wameshaziondoa. Ndugu zetu waliowahi kuvaa sare za jeshi la Marekani na kurudi nyumbani Nyanda za Juu Kusini wapo, na wajane wao wapo. Wengi wanashauriwa na vishoka. Tumejibu kwa urefu pale penye hatari ya mtu kupoteza haki.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Baba yangu alitumikia jeshi la Marekani mpaka 2012 na alipelekwa Iraq. Sasa anaishi hapa Tukuyu. Aliomba fidia ya presha tarehe 2 Septemba 2024, VA ikamkatalia kwa barua ya 14 Machi 2025. Agosti 2025 akakata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani kwa fomu 10182, njia ya kupitiwa moja kwa moja. Mwezi huu wa Januari mtu kamwambia aondoe rufaa, aombe upya kwa sheria ya PACT, eti presha siku hizi inapita yenyewe. Aondoe?

Dada, kwa sababu hiyo aliyopewa, asiondoe. Sheria ya PACT iliyosainiwa 10 Agosti 2022 kweli iliingiza presha kwenye orodha ya magonjwa yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi, lakini ni kwa askari waliokumbana na dawa ya kuua mimea iitwayo Agent Orange, yaani hasa watu wa vita ya Vietnam. Waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan wana orodha yao, yenye saratani kadhaa na magonjwa ya njia ya hewa, na presha haimo. Baba akiondoa rufaa kufuata njia hiyo atakataliwa tena, na safari hii huenda akawa amepoteza na tarehe yake, yaani siku ambayo malipo yanahesabiwa kutoka hapo.

Hiyo tarehe ndiyo mali. Barua ya uamuzi ikishaandikwa, mtu ana mwaka mmoja wa kuchagua njia kati ya tatu: dai la nyongeza, yaani kuomba tena kwa ushahidi mpya, kwa fomu 20-0995, mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996, au rufaa ya Bodi. Akiondoa rufaa ya Bodi, kanuni namba 20.205 inamruhusu kuingia njia nyingine, ila kwa sharti kwamba hatua hiyo mpya ingekuwa ndani ya muda hata kama rufaa isingekuwepo. Maana yake ni kwamba muda ambao rufaa imekaa Bodini hausimamishi saa. Mwaka wa baba unahesabiwa kutoka 14 Machi 2025, tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku bahasha ilipofika Tukuyu haihesabiki.

Tuweke hesabu mezani. Akiondoa rufaa na dai la nyongeza likapokelewa kabla ya 14 Machi 2026, kisha akashinda, malipo yatarudi hadi ombi la Septemba 2024, yaani yataanza 1 Oktoba 2024. Dai hilohilo likipokelewa Aprili 2026, tarehe inakuwa ya Aprili na malipo yanaanza 1 Mei. Hapo katikati kuna miezi 19. Hata kwa kiwango cha asilimia 10, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, ni zaidi ya dola 3,000 zilizotupwa kwa sababu ya wiki chache.

Sasa tuje kwenye linaloweza kuwa tatizo lake la kweli. Katika njia ya kupitiwa moja kwa moja, jaji wa Bodi anasoma tu kilichokuwemo kwenye faili siku uamuzi unaopingwa ulipotolewa. Karatasi yoyote ya baadaye haitazamwi. Kama baba ana ushahidi mpya, si lazima aondoe rufaa. Anaweza kuiandikia Bodi akiomba kuhamishiwa foleni ya kuwasilisha ushahidi, ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi au siku 60 tangu Bodi ilipopokea rufaa, wowote ule unaochelewa kuisha, ilimradi hajawasilisha ushahidi wala kutoa maelezo mbele ya jaji. Ushahidi wenyewe auambatanishe na ombi hilo hilo, asisubiri. Kubadili foleni kunamwacha palepale Bodini na tarehe yake inabaki salama.

Kuondoa na kupeleka dai la nyongeza kuna faida moja kubwa, nayo ni kasi. VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa madai ya nyongeza, na siku 365 kwa foleni ya moja kwa moja ya Bodi, na malengo hayo mara nyingi huvukwa. Faida nyingine ni kwamba katika dai la nyongeza VA ina wajibu wa kumsaidia kutafuta kumbukumbu na inaweza kumpangia uchunguzi wa daktari. Akiamua kwenda huko, suala moja haliwezi kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo barua ya kuondoa itangulie. Na kuondoa hakuna nguvu mpaka Bodi iipokee. Posta kutoka Tukuyu hadi Washington haina ratiba ya kuaminika, basi apakie kwenye mtandao wa VA au atume kupitia mwakilishi wake, na ahifadhi uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe. Akingoja Machi ifike, amechelewa.

Ushahidi gani? VA inataka presha ithibitishwe kwa vipimo viwili au zaidi katika kila siku, kwa siku tatu tofauti au zaidi. Vipimo vya mashine ya duka la dawa vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi havina uzito. Aende kituo cha afya au hospitali, akae ametulia dakika tano, apimwe mara mbili, na kila kipimo kiandikwe na tarehe, jina la aliyepima na muhuri. Madaftari ya kliniki hapa kwetu huandikwa kwa Kiingereza, hivyo gharama ya tafsiri haipo.

Wengi wanaanguka hapa: mtu anatumia dawa miaka kumi, presha yake leo ni 148/92, halafu anashangaa amepewa asilimia sifuri. Jedwali la VA linatoa asilimia 10 kama namba ya chini kwa kawaida ni 100 au zaidi, au ya juu ni 160 au zaidi, au kama huko nyuma namba ya chini kwa kawaida ilikuwa 100 au zaidi na mtu anahitaji dawa mfululizo. Asilimia 20 inaanzia 110 kwa namba ya chini au 200 kwa ya juu. Ya 40 ni 120, ya 60 ni 130. Kwa anayetumia dawa, karatasi muhimu kuliko zote ni ile ya kabla ya dawa. Baba aombe kumbukumbu zake zote za matibabu za jeshini na atafute vipimo vya namna ya 158/102. Vikiwa vya wakati wa utumishi, au ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, dai lina miguu ya kusimamia bila sheria ya PACT kabisa. Kama tayari analipwa kwa kisukari, ugonjwa wa figo au msongo wa baada ya vita, daktari anaweza kueleza jinsi ugonjwa huo ulivyosababisha presha au ulivyoizidisha. Maoni ya daktari wa Mbeya yanakubalika. Lazima aseme amesoma kumbukumbu, aseme uwezekano ni asilimia 50 au zaidi, kisha atoe sababu. Barua yenye mistari miwili isiyo na sababu haimsogezi jaji.

SWALI: Mimi niko Mafinga. Nalipwa asilimia 30 kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Nimekata rufaa Bodini kwa mambo matatu: moyo nipandishwe hadi 60, goti la kulia, na masikio kupiga kelele. Nasikia ukikata rufaa wanaweza kukupunguzia, nataka niondoe la moyo tu. Je, mengine yataanguka? Mwanangu anaweza kuniandikia barua?

Kaka, mengine hayaanguki kama barua itaandikwa sawasawa. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili ya VA, na maneno yasiyo na utata. Iandike kwa Kiingereza, ikiwa na maana hii: «Naondoa rufaa yangu mbele ya Bodi kwa suala moja tu, nalo ni kuongezewa kiwango cha ugonjwa wa mishipa ya moyo. Rufaa za goti la kulia na masikio kupiga kelele zinaendelea.» Ukiandika tu kwamba unaondoa rufaa yako, karani ana haki ya kuelewa kwamba umeondoa yote matatu. Mwanao anaweza kukuchapia barua, lakini kuondoa ni kwako au kwa mwakilishi uliyemteua rasmi, na sahihi iwe yako. Kumbuka kwamba huyo mwakilishi rasmi anaweza kuondoa kwa maandishi bila wewe kusaini, kwa hiyo umwambie kwa barua pepe lipi liondoke na lipi libaki.

Lakini hofu yenyewe tunaona haina msingi. Katika mfumo ulioanza 19 Februari 2019, yale ambayo VA ilishayakubali kwa faida yako yanaifunga Bodi, isipokuwa kukiwa na ushahidi wa wazi kwamba yalikosewa bila shaka yoyote. Ulikata rufaa kutafuta zaidi ya 30. Matokeo ya kawaida ukishindwa ni kubaki na 30.

Kabla hujaondoa, soma ripoti ya uchunguzi uliokupa 30. Kipimo cha moyo kinatumia METi, yaani kiasi cha kazi ambacho mwili unaweza kufanya kabla ya kuanza kuhema, kuchoka, kuumwa kifua au kuona kizunguzungu. Kati ya METi 5.1 na 7.0 ni asilimia 30, kati ya 3.1 na 5.0 ni 60, na 3.0 au chini ni 100. Pale ambapo kipimo cha kukimbia kwenye mashine hakikufanyika, daktari anakadiria kwa kuuliza maisha yako, na fomu yake ina mifano. Kuvaa, kuoga na kutembea polepole mtaa mmoja au miwili ni METi 1 hadi 3. Kupalilia magugu mepesi na kutembea kwa haraka ni 3 hadi 5. Kupanda ngazi za ghorofa moja na kuchimba bustani ni 5 hadi 7.

Mtu wa Mafinga akiulizwa anafanya nini husema kwa heshima zote, «nalima viazi.» Daktari anaandika kuchimba, METi zaidi ya 5, na asilimia 30 imeshapatikana. Kumbe jembe wanashika vibarua, yeye anakaa kwenye kigoda akielekeza, na akipanda tuta anasimama kuvuta pumzi. Kama ripoti yako ina kosa la namna hiyo, rufaa ya moyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu. Andika maelezo yako, mkeo naye aandike anachokiona, eleza ni kazi gani hasa inakufanya uhema na baada ya dakika ngapi, na yaende kwenye foleni inayopokea ushahidi kama muda wa kuhama bado upo.

SWALI: Nipo Iringa mjini. Nilipokuwa Houston nilisikilizwa na jaji wa Bodi kwa video. Mwakilishi wangu akasema tunaondoa presha tubaki na moyo, jaji akaniuliza kama ni sawa, nikajibu «ndiyo, sawa.» Nilidhani ni kuahirisha tu. Sasa nimepata uamuzi kwamba rufaa ya presha imetupiliwa mbali. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wetu. Kwenye usikilizwaji, kuondoa kwa mdomo kunakubalika kwa sababu kunarekodiwa, ndiyo maana hukuandika barua. Hata hivyo mahakama zimeweka masharti. Mwaka 2011, katika kesi ya DeLisio, Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani ilisema kuondoa kunafaa tu kama ni wazi, hakuna utata, na mhusika anaelewa kikamilifu matokeo yake. Mwaka 2018, katika kesi ya Acree, mahakama iliyo juu yake ikasisitiza kwamba sharti la kuelewa matokeo linahusu pia mtu mwenye mwakilishi pembeni yake. Acree alijibu «ndiyo» kama wewe, na Bodi ilikuwa imetupa madai yake kadhaa bila kuonyesha kwamba alielewa kinachompata.

Kwa hiyo omba nakala ya maandishi ya usikilizwaji leo hii. Tafuta mahali jaji anapokueleza maana ya kuondoa: kwamba Bodi haitaamua presha tena, na kwamba tarehe yako inaweza kupotea. Kama hakuna maelezo hayo, kuna «ndiyo» tupu, una hoja.

Uamuzi wa kutupilia mbali unakatiwa rufaa kwenye Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani ndani ya siku 120 tangu tarehe ya uamuzi wa Bodi. Ada ni dola 50, na asiyeweza anaomba kusamehewa. Mawakili wengi wa mahakama hiyo hawadai pesa kwa mteja, hulipwa na serikali wakishinda. Siku 120 hazipunguzwi makali na kuishi mbali, wala na barua kukaa posta ya Iringa. Unaweza pia kuiomba Bodi ifute uamuzi wake kwa kuwa hukutendewa haki katika utaratibu, lakini ukichagua njia hiyo, ombi lifike ndani ya siku 120 hizohizo ili mlango wa mahakama usijifunge.

Halafu tazama tarehe ya barua ya kwanza ya kukataliwa presha. Kama mwaka haujaisha, njia nyepesi ni kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaogusa suala lenyewe, na tarehe yako inabaki. Kama umeisha, bado unaweza kuomba, ila malipo yatahesabiwa kutoka siku utakapopeleka. Na kama ulipigana Vietnam, kwako presha iko kwenye orodha ya PACT, usiiache.

SWALI: Mume wangu alikuwa Mmarekani, alipigana Vietnam, tulifunga ndoa ya kimila hapa Makambako miaka sita iliyopita. Miezi minane kabla ya kufariki aliondoa rufaa yake ya moyo akisema amechoka. Cheti cha kifo kinasema moyo ulisimama. Je, kwa kuwa aliondoa, mimi sina changu?

Pole sana mama kwa msiba. Unacho. Yapo mambo mawili, usiyachanganye.

La kwanza ni dai lake. Kuchukua nafasi ya marehemu, kwa fomu 21P-0847 ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, kunahitaji kuwe na dai lililokuwa hai siku anafariki. Rufaa iliyoondolewa haiko hai. Ila tafuta barua ya uamuzi aliyokuwa akiipinga: kama mwaka mmoja ulikuwa haujaisha siku aliyofariki, dai lenyewe lilikuwa halijafungwa, na unaweza kuingia nafasi yake.

La pili ndilo kubwa. Fidia ya mjane ni dai lako mwenyewe, fomu 21P-534EZ, na kanuni 20.1106 inasema linaamuliwa bila kutegemea jinsi madai ya marehemu yalivyokwisha akiwa hai. Kuchoka kwake hakukufungi. Kiwango cha msingi mwaka 2025 kilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi. Ukipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo yanaanza siku ya kwanza ya mwezi aliofariki.

Ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba uko kwenye orodha ya Agent Orange tangu 31 Agosti 2010, kwa hiyo huhitaji kuthibitisha kwamba Vietnam ndiyo iliusababisha. Unachohitaji ni kuonyesha kwamba alikuwa Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, kwa karatasi yake ya kutoka jeshini, DD 214, na kwamba ugonjwa huo ulimuua au ulichangia. Hapo ndipo cheti chako kina udhaifu. Moyo kusimama ni namna kila mtu anavyokufa, hakutaji ugonjwa wowote. Rudi kwa daktari aliyemtibu, aandike barua akitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo, lini uligundulika, kwa kipimo gani, na jinsi ulivyosababisha kifo. Ambatanisha madaftari ya kliniki, karatasi za kipimo cha umeme wa moyo na za kulazwa. Kama kifo kiliripotiwa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, omba nakala ya ripoti ya kibalozi ya kifo, na cheti cha RITA kiwemo pia.

Ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, na VA hufuata sheria ya mahali wanandoa walipoishi walipooana. Miaka sita inavuka sharti la mwaka mmoja kabla ya kifo. Kama haikusajiliwa, pata maelezo yaliyosainiwa ya watu wawili au zaidi walioishuhudia kwa macho, wakitaja tarehe, mahali, mahari na nani alisimamia. Kama yeyote kati yenu alikuwa na ndoa ya awali, weka hati ya talaka au kifo. Jambo hili linachelewesha faili za wajane kuliko hata ugonjwa wenyewe. Maelezo ya Kiswahili yaende na tafsiri ya Kiingereza.

Na asikudanganye mtu kwamba anahitaji malipo kukujazia dai hili la kwanza. Sheria ya Marekani hairuhusu kutoza ada kuandaa dai la mwanzo, na anayekusaidia anapaswa kuwa kwenye orodha ya wawakilishi walioidhinishwa na VA, ambayo iko wazi mtandaoni. Madai ya watu walioko nchi kama yetu hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh.